Cheti cha Marehemu

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, saa sita mchana, jengo zima likiwa linateremka kwenda kula. Fundi wa lifti aliweka mdomo kwenye upenyo wa mlango, akauliza, "Mko wangapi humo?"

Mfamasia alisikia mdomo wake ukijibu, "Wawili."

Mlango ulipobanduliwa alikuwa peke yake, koti lake jeupe limeloa jasho, viatu mkononi.

"Na mwenzako?" fundi aliuliza.

"Sijui kwa nini nimesema hivyo."

"Basi mwembamba kweli huyo. Kanipita sijamwona."

Mfamasia alicheka, ingawa nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama. Jioni fundi alipita kwenye duka lake la dawa kununua dawa ya kichwa. Kesho yake ya mgongo. Siku ya tatu mfamasia alimwambia, "Bwana, wewe huumwi. Sema shida yako." Akaisema.

Mwaka ulipokatika walikwenda parokiani kuandikisha ndoa. Mama yake mfamasia alikuwa amemtolea cheti cha ubatizo kutoka chini ya sanduku. Padri alifungua rejesta kuhakikisha, kidole kikashuka na mstari, kisha kikasimama pembeni, penye msalaba mdogo wa wino mwekundu.

"Jina ni lako, wazazi ni wako," alisema polepole. "Lakini mtoto huyu alifariki akiwa na miaka miwili. Wewe ulizaliwa lini?"

Aliutaja mwaka. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya mtoto huyo kuzikwa.

Mfamasia alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akimwita tangu utotoni, naye akikawia kuitika, kana kwamba kuna mwingine wa kutangulia.

Nje, mchumba wake hakumshika mkono. "Cheti cha marehemu umekitoa wapi? Wewe ni nani hasa?"

"Ni mimi."

Fundi akaondoka. Siku hiyo hakupiga simu, wala kesho yake.

Mfamasia alimpigia mama. "Mama, mimi nimebatizwa?"

"Dada yako nilimpeleka kwa Mungu kubatizwa, naye akaja akamchukua," mama alisema. "Wewe nikaogopa kukuonyesha."

"Ukanipa jina lake."

"Ili siku Mungu akiliita aone keshalipata, asikutafute."

Mfamasia alikaa kitandani, simu mapajani. Miaka ishirini na sita alikuwa amefichwa nyuma ya kaburi la mtoto. Alipopata nguvu alimpigia mchumba, akamweleza yote bila kulia.

"Nisamehe, mpenzi," fundi alisema hatimaye. "Nilidhani unaficha ndoa nyingine."

"Hukudhani nimekufa?"

"Hilo nililidhani usiku."

"Harusi itasubiri. Naenda kubatizwa. Mungu akinijua, anijue mimi."

"Nitasubiri. Chukua muda wako."

Alisoma mafundisho miezi sita, akajichagulia jina. Mama aliapa kwamba hatakuja. Siku ilipofika alikuwa kwenye benchi la tatu, amejifunika shali.

Mfamasia aliinamisha kichwa, katika gauni jeupe lisilo na urembo. Padri aliliita jina jipya, akammiminia maji mara tatu. Yalikuwa baridi kuliko alivyotarajia. Kisha akampaka mafuta kwenye paji la uso, akasema, "Kwa alama hii, wewe ni wa Kristo. Hakuna mwingine mwenye haki juu yako."

Alipoinua uso, maji yakimchuruzika shingoni, alimwona mama akijisogeza kwenye benchi, taratibu, kama anayempisha mtu akae. Kisha mama akaitandaza nusu ya shali juu ya nafasi iliyo wazi.

"Anamfunika nani?" fundi, aliyesimama kando yake, alinong'ona.

"Dada yangu."

"Tukae wapi sasa?" fundi aliuliza.

Mfamasia alimshika mkono, wakaenda kukaa upande wa pili wa mama. Mama hakugeuka, ila aliunyoosha mkono wake mwingine, akampapasa bintiye usoni, polepole, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina lake.

"Abee, mama," mfamasia aliitika papo hapo.