Tundu la Oili

Kila jioni, Darinka alipotoka kukata miti msituni, alikwenda moja kwa moja kukamua ng'ombe. Tinkara, binti yake wa miaka kumi na miwili, alibaki mlangoni mwa ghala akisafisha msumeno wa mnyororo. Alitakiwa kufungua bapa, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka ukingoni mwake, atoe vumbi la mbao, apitishe waya katika tundu la oili, kisha aligeuze ili lisilike upande mmoja. Haikuwa kazi ngumu, ila ilichosha roho.

Wiki ile kulikuwa na mazoezi ya kinanda cha kodiani shuleni, na Tinkara hakutaka kuchelewa hata kidogo. Alilipangusa bapa kwa nje tu mpaka likang'aa.

"Umepitisha waya?" mama aliuliza kila siku.

"Nimepitisha, mama," naye akajibu bila kupepesa macho.

Wakati huo misonobari yao ilikuwa imeingiwa na wadudu wa magome. Iliyougua ilipaswa kukatwa na kumenywa magome kabla joto halijapanda, la sivyo wadudu wangeruka na kuumaliza msitu wote aliouacha babu.

Jumamosi wote wawili walikuwa msituni, Tinkara akimenya magome, mama akikata. Mara moshi ukafuka kwenye bapa. Mama akazima injini, akafungua tangi la oili. Lilikuwa bado limejaa. Akawasha tena na kuielekeza ncha ya msumeno kwenye kisiki cheupe, pale ambapo oili hurukia na kuchora mstari. Kisiki kilibaki kikavu.

"Bapa jipya kabisa!" mama alifoka. "Lojze ameniuzia takataka. Leo atanitambua!"

Dukani kwa mzee Lojze kulikuwa na wateja, na mama hakujali.

"Lojze! Kuuza majembe kumekushinda, sasa unatuunguzia misumeno?"

"Taratibu, Darinka, utanipasulia vioo," mzee Lojze alisema. Akachukua bapa la zamani lililoning'inia ukutani, akaliweka kando ya lile jipya. "Ona. La zamani lina tundu pana, hata ukilisahau siku mbili tatu litakuvumilia. Hili jipya tundu lake ni dogo, tena limekaa mshazari. Linapeleka oili ndani ya mfereji wa mnyororo bila kuimwaga ovyo, lakini likiingiwa na uchafu kidogo tu, kwisha habari. Mnalisafisha?"

"Kila siku! Mwanangu huyu hapa, si mtoto wa kubahatisha."

Wateja wakamgeukia Tinkara. Uso ulimwaka moto. Lojze alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua bapa jingine rafuni. "Basi, yaishe. Nitakubadilishia, nisigombane na jirani."

Tinkara angenyamaza, mambo yangekwisha pale pale.

"Mama, sikupitisha waya," alisema. "Wiki nzima. Nilikuwa nakudanganya."

Mama akamgeukia mwenye duka. "Lojze, nimekukosea mbele za watu. Mbele ya watu hao hao, naomba unisamehe."

"Na mimi nilipaswa kukueleza habari za tundu siku ile uliponunua," alijibu Lojze, akampa Tinkara waya. "Haya, fundi, zibua."

Tinkara akasukuma, na donge jeusi la vumbi na oili likachomoka. Walipolirudisha bapa msumenoni na kuuwasha nje ya duka juu ya kipande cha boksi, mstari wa oili ukajichora. Tinkara alifurahi na kuona haya kwa pamoja.

Walirudi kazini, na msonobari wa mwisho ulipoanguka, magome yote yakiwa yamechomwa, mama aliketi juu ya gogo akamwita binti yake kando yake.

"Ungenyamaza, tungepewa bapa jingine, nalo tungeliunguza vilevile. Umeuokoa msitu huu kwa kusema, hilo nakushukuru. Lakini nimeumia, mwanangu, maana nilikutetea kwa kazi ambayo hukuifanya. Ukichoka, sema umechoka, tutasaidiana. Kitu kikiharibika nitakitengeneza, ila ukinidanganya, nitajuaje pa kuanzia?"