Taya la Ngui

Kadi ya mwisho ilikuwa juu. Obura aliiona asubuhi alipofungua mkebe, akadhani bintiye ameuchezea, akairudisha chini kabisa ya bunda na kwenda zake kazini. Jioni alipoufungua tena, kadi ya Ngui ilikuwa juu vilevile, na safari hii ilikuwa na unyevunyevu, kama imeshikwa na mkono wenye jasho.

Ngoja nieleze habari ya kadi hizi, maana wanaume watatu wazima wa Umoja kuchezea vipande vya boksi la viatu ni jambo la kuchekesha, na wake zao walicheka kweli. Obura, karani wa kaunsili, Kinyanjui fundi viatu, na Ndindi inspekta wa mabasi walikuwa na ligi yao ya ngumi. Si ngumi za kupigana, la! Mabondia wao walikuwa wazee au marehemu, wale waliotamba Nairobi zamani za ukoloni. Kila mmoja alikuwa na kadi yake iliyoandikwa namba za ngumi, pumzi na taya, yaani kuhimili kipigo, kuanzia moja hadi kumi. Wanarusha dadu, wanajumlisha, mmoja anaanguka. Kila mwaka walicheza mwaka mmoja wa zamani, na Jumamosi ya mwisho ya Desemba, baada ya chakula cha mchana, walikutana kwa Obura kufanya tathmini: nani apande, nani ashuke. Walibishana hadi mate yakaruka. Ila sheria moja hawakuifanyia mzaha. Bondia aliyefariki katika mwaka unaochezwa, namba zake husomwa kwa sauti, huandikwa upya kwa wino mwekundu, na hakuna wa kuzigusa tena.

Desemba hiyo ya 1984 walikuwa wamefika mwaka wa 1958. Ndio mwaka aliokufa Ngui.

Ngui alikuwa kakake Ndindi. Ndindi mwenyewe ndiye aliyemwingiza ligini, akamletea Obura picha na magazeti ya zamani aliyoyatunza miaka yote. Na Obura, mtunza kadi, akampa marehemu ngumi nane, pumzi nane, taya mbili. Taya mbili jamani! Hata mlevi wa Huruma angepewa tatu. Kila tathmini Ndindi aliuliza kwa adabu zake, "Obura, hilo taya haliwezi kupanda hata kidogo?" Na kila mara Obura alimjibu, "Ndugu yangu, mtu alianguka akakosa kuamka. Nifanyeje?" Ndindi aliinamisha kichwa akakubali. Alijua kwamba Obura alikuwepo ukumbini siku ile Ngui alipoangushwa, na yeye Ndindi alikuwa mtoto huko nyumbani Ukambani.

Baada ya kadi ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali ya kuwasha macho, na ilianza saa kumi za jioni wakati Phelister, mkewe Obura, alipokuwa anachambua mboga.

"Baba Adoyo, umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu."

"Basi nani amejipaka? Imejaa nyumba nzima, hadi kwa mto wa mtoto."

Obura alifungua madirisha, lakini harufu haikutoka. Jumapili, walipotoka kanisani, wakasikia kamba. Mtu alikuwa anaruka kamba kwenye kile chumba cha nyuma walichokiongeza kwa mabati, tap, tap, tap, mwendo wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, na kati ya mruko na mruko pumzi ilitoka puani kwa kifupi, hss, hss. Phelister alimshika mumewe mkono, Obura akausukuma mlango, na ndani hamkuwa na mtu ila vumbi lililokuwa bado linaelea juu ya sakafu mchana ule mweupe, na kamba iliendelea kupiga simenti mbele ya macho yao, tap, tap, bila kamba kuonekana, hadi Phelister akataja jina la Yesu na kulia, ndipo ikanyamaza.

"Unajua kitu, Baba Adoyo," alinong'ona. "Nakuona usoni. Unajua kitu hunielezi."

"Sijui kitu."

Jumatatu Adoyo, binti yao wa miaka tisa, aliamka taya limemvimba na meno yamefungana. Daktari akasema ni matumbwitumbwi, akamchoma sindano. Sindano haikusaidia. Kufikia Alhamisi mtoto alikuwa akinyonya uji kwa mrija kupitia pengo la jino, macho yamemtoka, na mikono imebaki mifupa. Phelister ni mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha chama na kila kitu, lakini siku hiyo hakungoja kuambiwa na mtu. Alikwenda Majengo akarudi na Bi Tatu, mama wa makamo anayeuza mahamri asubuhi, na mchana huandika kombe, aya za kunywesha wagonjwa, kwa zafarani na kusema na majini.

Bi Tatu alikaa mkekani, akafukiza ubani, akamshika mtoto kidevu. "Ewe uliye humu," alisema polepole, "wewe ni nani?"

Midomo ya Adoyo haikusogea. Meno yalikuwa yamefungana vilevile, na sauti ikatoka nyuma ya meno hayo, sauti nzito ya mwanamume aliyechoka.

"Bibi yake Ngui alinifunga kwa hirizi kiunoni mwa mjukuu wake akiwa mchanga. Nililishika taya la Ngui miaka yake yote ishirini na mbili. Halikuwa laini. Lilipigwa baada ya muda."

"Muda gani?"

"Muulize mshika kengele."

Phelister alimgeukia mumewe. Obura alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka hadi shingoni, na kwa aibu yote ya dunia akasema, "Mimi sielewi linasema nini."

"Jumamosi atasoma namba," sauti iliendelea. "Akiiandika mbili kwa wino mwekundu, hatabadilisha tena. Na mimi nitafunga hapa, sitafungua tena."

Mtoto alizimia. Bi Tatu alizima ubani, akakusanya vitu vyake, akamvuta Obura kando. "Baba, jini la fujo nalipunga. Hili linadai haki, na nikilifukuza leo litarudi kesho. Dawa unayo wewe." Hakutaka hata chai.

Obura alilijua jambo hilo tangu kadi ilipopanda juu mara ya kwanza. Mwaka ule wa 1958 alikuwa na miaka kumi na tisa, amekabidhiwa saa na kengele kwenye ukumbi mmoja wa Pumwani. Ngui alikuwa anapigana na kijana wa kwao Obura, kijana wa mto uleule mmoja, na kijana huyo alikuwa anashindwa kwa pointi. Katika raundi ya mwisho ukumbi ulikuwa unanguruma. Mshale wa saa ulipita dakika tatu Obura akiutazama. Ngui alishusha mikono, maana bondia mzoefu anaijua dakika yake hata bila kengele. Nyundo ilikuwa mkononi mwa Obura, na Obura hakupiga. Alihesabu sekunde ishirini na zaidi, akingoja kijana wa kwao arushe ngumi moja tu, na ile ngumi ikarushwa. Baada ya siku mbili Ngui akafa hospitalini. Watu wakasema alikuwa na taya laini, na Obura akasema nao. Alisema hivyo hadi akakata boksi la viatu na kuandika mbili.

Jumamosi wageni walifika saa nane. Kinyanjui alikuja na soda, Ndindi alikuja na tai shingoni, maana ilikuwa siku ya kakake. Walipitia mabondia wengine harakaharaka. Chumba cha pili Phelister alikuwa amekaa na mtoto kitandani, mlango umeachwa wazi kidogo, na ile pumzi ya puani, hss, hss, ilisikika hadi sebuleni. Kinyanjui akauliza kama kuna mtu ana mafua.

Obura alishika kalamu nyekundu. "Ngui," alisoma. "Ngumi nane. Pumzi nane." Pumzi ya chumbani ikakatika. "Taya, kumi."

"Ebo!" Kinyanjui aliruka. "Kutoka mbili hadi kumi? Hakuna bondia wa ligi hii aliyewahi kupewa kumi!"

"Nilikosea. Nimesema kumi, nimeandika."

Na kabla wino haujakauka, chumbani kikasikika kikohozi, kisha sauti ya mtoto, dhaifu lakini safi: "Mama, nipe ugali. Hata ule wa unga wa njano wa msaada, nitakula." Phelister alipiga kigelegele kilichowatoa majirani wa ploti ya pili nje. Harufu ya dawa ilitoka dirishani mara moja, na nyumba ikanuka tena vitunguu na sabuni.

Obura alifumba macho. Imekwisha, aliwaza. Namba tu! Nilidhani litadai zaidi, kumbe lilitaka namba. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita, na aliuonea haya wepesi huo, lakini hakuukataa.

Ndindi alikuwa analia kimya, tai imelowa. Aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Halafu akainua uso, na haukuwa uso wa mtu mwenye hasira. Alikuwa anataka kujua tu.

"Obura, nakushukuru. Lakini kama taya lilikuwa kumi, ni nini kilimuua?"

Kinyanjui naye akageuka kumtazama. Hapo hapakuwa na jini la kumsukuma Obura. Mtoto alikuwa mzima, wino ulikuwa umekauka, na uongo mmoja mdogo kuhusu moyo au homa ungetosha. Alifungua mdomo kuusema, akashindwa.

"Mimi," alisema. "Muda uliisha, akashusha mikono. Kengele nilikuwa nayo mimi, sikuipiga. Nilitaka yule wa kwetu ashinde."

Wakati huohuo Phelister, ambaye hakuwa amesikia, alimleta Adoyo sebuleni akiwa amemfunika leso, uso unamwaka kwa furaha, amwonyeshe kwa wageni. Mtoto alitembea kwa kuyumba hadi kwa Ndindi, akainamisha kichwa aguswe kama watoto wanavyofunzwa kuwasalimu wakubwa. Ndindi aliweka kiganja juu ya nywele zake, taratibu, akakiacha hapo.

"Mama yetu alikuwa akisema ni kosa lake," alisema, bila kumtazama Obura. "Kwamba alipokuwa na mimba ya Ngui kulikuwa na njaa, hakula vizuri, ndio maana mifupa ya mtoto ikawa laini. Alisema hivyo kila siku, Obura. Tumemzika Machi, mwaka huu."