Ukuta Wenye Bahari Ndani

Wewe unayesikiliza, umewahi kulinywesha jiwe maji?

Hujawahi? Umazi amewahi. Tena maji ya chumvi. Usicheke kwanza. Sikiliza.

Umazi yuko darasa la pili. Shule yake iko Kilifi, upande wa ndani. Ukisimama uwanjani, bahari huioni. Ukitega sikio, huisikii. Unasikia mbuzi tu. Meee!

Darasa la Umazi lilikuwa la makuti. Mvua ikinyesha, daftari zinalowa. Mwalimu analowa. Hata ubao unalowa.

Sasa darasa jipya linajengwa. Lina kuta nne za mawe makubwa, mawe ya timbo. Timbo ni shimo pana sana. Mafundi hukata humo mawe ya kujengea nyumba.

Watu husema mawe ya timbo hayana sura. Ati yana vishimo. Ati yanakwaruza. Kwa hiyo huyafunika kwa plasta, upesi upesi, kama mtu anayeficha nguo iliyotoboka.

Watu wana haraka. Umazi hana.

Siku moja alisimama karibu na ukuta. Karibu kabisa. Pua yake ikagusa jiwe.

Akaona kitu cha mviringo. Kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka, mpaka katikati.

"Konokono!" akasema Umazi. "Konokono wa baharini!"

Alikuwa mkubwa kama ngumi ya Umazi. Alikuwa ndani ya jiwe, kama zabibu ndani ya mkate. Aliingiaje? Mlango uko wapi?

Umazi akabisha. Ko! Ko! Ko!

"Hodi, konokono!"

Kimya.

"Amelala," akasema Umazi. "Ama ana kiu."

Sasa fikiria kidogo. Konokono wa baharini atakunywa maji ya mfereji? Hawezi! Basi Umazi akachukua kikombe cha maji. Akatia chumvi ya jikoni. Akakoroga. Koro, koro, koro.

Akammwagia konokono. Chwaa!

Akamwimbia:

*Jiwe, jiwe, una nini ndani?*

Jiwe likanyamaza.

Kila mapumziko, Umazi alirudi na kikombe. Chwaa! Kila mapumziko aliimba.

*Jiwe, jiwe, una nini ndani?*

Jiwe likanyamaza tu. Mawe ni majeuri.

Kisha akaja Fundi Chengo. Fundi Chengo ni mpiga plasta. Ana mwiko, ana karai la saruji, na ana sauti kubwa.

"Tokeni hapo, watoto!" akasema. "Leo ni plasta! Kuta zote nne!"

Akapita akipapasa ukuta. Pa, pa, pa. Sawa. Pa, pa, pa. Sawa. Akafika kwenye jiwe la Umazi.

Akasimama. Jiwe lilikuwa na unga mweupe. Fundi Chengo akaugusa. Akauangalia. Akaulamba!

"Thu!" akatema. "Chumvi! Nani amelisha ukuta wangu chumvi?"

Watoto wote wakaangalia miguu yao. Umazi pia akaangalia miguu yake. Kisha akainua mkono, polepole.

"Ni mimi, Fundi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Konokono alikuwa na kiu."

Watoto wakacheka. Kwa! kwa! kwa! Fundi Chengo hakucheka.

"Sikiliza, mama," akasema. "Chumvi na plasta havipatani hata siku moja. Plasta ikikaa juu ya chumvi, inabanduka. Inaanguka puu! Hili jiwe nitalivunja. Nitaweka jingine."

Akashika nyundo.

Umazi akasimama mbele ya jiwe. Alitaka kumsaidia konokono. Sasa konokono atavunjwa, na ni kwa sababu yake!

"Fundi, ngoja!" akalia. "Tafadhali, ngoja kidogo!"

Fundi Chengo akaangalia nyundo. Akaangalia machozi ya Umazi. Akakuna kichwa.

"Haya," akasema. "Chai yangu imefika. Nakunywa chai. Ikiisha, navunja."

Umazi akakimbia. Tifu, tifu, tifu! Alikimbia mpaka kwenye lango la shule, kwa Shangazi Dama.

Shangazi Dama huuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, hapo langoni. Viazi vyake ni vya manjano na ukwaju wake ni mkali. Lakini kazi aliyosomea siyo hiyo. Alisomea mawe, huko chuo kikuu. Mawe! Alisoma mpaka akamaliza, akapewa na joho.

"Shangazi! Nimemwekea konokono chumvi na sasa Fundi Chengo atamvunja na chai inaisha!"

"Pumua kwanza," akasema Shangazi Dama. "Konokono gani?"

"Aliye ndani ya jiwe. Ana kiu."

Shangazi Dama akaweka kijiko chini. Akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na macho ya Umazi.

"Hana kiu, mwanangu. Alikufa zamani sana. Amekuwa jiwe. Mnyama wa kale aliyegeuka jiwe anaitwa kisukuku."

"Ki-su-ku-ku," akasema Umazi. Ni neno tamu mdomoni. Hebu na wewe sema. Ki-su-ku-ku!

"Zamani gani, Shangazi? Wakati wa Nyanya?"

"Nyanya? Nyanya ni mtoto mchanga! Ni miaka zaidi ya laki moja. Wakati huo bahari ilikuwa juu. Ilifika mpaka hapa tuliposimama."

"Hapa kwenye viazi?"

"Hapa kwenye viazi! Samaki walipita juu ya kichwa chako. Chini kulikuwa na matumbawe. Tumbawe linajengwa na vijidudu vidogo vidogo, kila kimoja na chumba chake. Vilijenga, vikafa. Vingine vikajenga juu yake. Konokono wakafa, wakafunikwa na mchanga. Kisha bahari ikashuka, polepole. Ile nyumba yao ikabaki nchi kavu. Ikagandamana. Ikawa mwamba. Watu wakauchimba, likawa timbo."

Umazi akafungua mdomo. Akasahau kuufunga.

"Kwa hiyo darasa letu…"

"Darasa lenu limejengwa kwa bahari."

"Na bahari itarudi?"

"Siku moja, nani ajue? Dunia haitulii, Umazi. Hata hii Afrika yetu inatembea. Inakwenda polepole, kama kucha zako zinavyoota."

Umazi akaangalia kucha zake. Akaangalia ardhi. Akasimama vizuri, asije akaanguka.

Kisha akakumbuka chai.

"Shangazi! Chumvi inatokaje?"

"Kwa maji matamu, yasiyo na chumvi. Mengi! Na brashi laini." Shangazi Dama akazima jiko. Akanyakua brashi yake ya kusugulia viazi. "Twende!"

Tifu, tifu, tifu! Tifu, tifu, tifu!

Fundi Chengo alikuwa amekaa kwenye ndoo. Chai yake ilikuwa ya moto. Alipuliza, akanywa. Fuu, suruu.

"Fundi," akasema Umazi, "tukiitoa chumvi, utaliacha jiwe?"

"Mkiitoa yote," akasema Fundi Chengo. Fuu, suruu. "Lakini chai yangu haimngojei mtu."

"Maji!" akaita Umazi.

Watoto wakaja na vikombe. Wakaja na chupa. Wakapanga mstari mrefu kutoka mferejini mpaka ukutani. Chwaa! Sugua, sugua. Chwaa! Sugua, sugua.

Fundi Chengo akalamba jiwe. "Chumvi."

Chwaa! Sugua, sugua!

Akalamba tena. "Chumvi kidogo." Fuu, suruu. Chai ilikuwa nusu.

Chwaa! Chwaa! Chwaa! Maji yalitiririka ukutani. Yaliosha chumvi. Yaliosha pia vumbi la msumeno uliokata mawe. Vumbi hilo lilikuwa limefunika ukuta mzima, na hakuna aliyejali.

"Umazi!" akaita mtoto mmoja, jina lake Mweri. "Hapa kwangu kuna nyota!"

Kweli. Nyota ndogo ndogo, zimebanana, mamia kwa mamia. Kila nyota ni chumba cha kijidudu kimoja.

"Hilo ni tumbawe," akasema Shangazi Dama, sauti chini kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Na hapa kuna kipepeo!"

"Siyo kipepeo. Ni kombe, limefunguka pande mbili."

"Na hapa kuna miiba!"

"Ni ya mnyama wa baharini, mwenye miiba mwili mzima. Anaitwa urumba."

Watoto wakaosha ukuta mzima. Wakaangalia juu. Wakaangalia chini. Kila mahali kulikuwa na mnyama wa baharini.

Ilikuwa bahari. Bahari imesimama wima, mbele yao, na jua linaipiga.

Umazi akaweka sikio ukutani.

*Jiwe, jiwe, una nini ndani?*

Na safari hii alijua jibu. Akalisema yeye mwenyewe:

*Nina bahari ya tangu zamani.*

Fundi Chengo alikuwa amesimama. Chai ilikuwa imepoa mkononi mwake.

"Mimi hupiga plasta kila siku," akasema. "Nilidhani ni vishimo tu. Vishimo vinavyokula saruji yangu."

Akainama kwenye jiwe la Umazi. Akalilamba mara ya mwisho.

"Halina chumvi," akasema. Akaweka nyundo chini. "Lakini Umazi, plasta lazima. Mimi nimetumwa. Mwenyekiti wa ujenzi amesema kuta nne. Yule pale, anakuja."

Mwenyekiti alikuja. Viatu vyake viling'aa. Tai yake ilikuwa nyekundu.

"Fundi! Mbona hujaanza?" akauliza. "Ukuta bila plasta ni kama mtu bila nguo!"

Watoto wakaziba midomo. Mtu bila nguo! Hi! hi! hi!

Umazi akaenda mbele.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Naomba kidole chako."

"Kidole changu? Cha nini?"

"Weka hapa. Halafu fuata njia."

Mwenyekiti akaweka kidole kwenye konokono. Kidole kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka, mpaka katikati.

Hapo kikasimama.

"Huyu ni nani?" akauliza Mwenyekiti, polepole.

"Ni konokono wa zamani kuliko Nyanya," akasema Umazi. "Zamani kuliko mtu yeyote unayemjua. Alikuwa hapa kabla ya kijiji. Hakuvunjika siku zote hizo. Halafu sisi tumpake saruji usoni?"

Na watoto wote wakaimba, kwa pamoja:

*Jiwe, jiwe, una nini ndani?*
*Nina bahari ya tangu zamani!*

Mwenyekiti akalegeza tai. Akaweka kidole kwenye nyota. Akaweka kidole kwenye kombe. Akachuchumaa na suruali yake nzuri, kwenye matope.

"Nimezaliwa hapa," akasema. "Baba yangu alikata mawe kwenye timbo yalikotoka haya. Sikujua." Akamgeukia Shangazi Dama. "Nani amewafundisha haya? Wewe?"

"Mimi."

"Umesoma wapi?"

"Chuo kikuu."

"Sasa mbona unauza viazi?"

"Hilo ni swali zuri sana, Mwenyekiti," akasema Shangazi Dama. "Nilikuwa nangoja wewe unijibu."

Fundi Chengo akakohoa. Koho, koho! Kumbe alikuwa anacheka.

Mwenyekiti naye akacheka, lakini kidogo. Akasimama. Akapangusa matope magotini.

"Fundi Chengo," akasema, "piga plasta kuta tatu. Huu uache kama ulivyo."

"Huuuu!" Watoto wakaruka. Vikombe vikaruka. Maji yakaruka, yakamlowesha Mwenyekiti tai na yote.

Fundi Chengo akaanza kazi. Pwaa! ukuta wa kwanza. Pwaa! ukuta wa pili. Pwaa! ukuta wa tatu. Alipofika kwenye kona ya ukuta wa bahari, alipunguza mkono. Akapita pembeni polepole, asimguse hata urumba mmoja.

Mwenyekiti akaaga. Akaanza kuondoka.

Ulidhani hadithi imeisha? Umazi hajamaliza!

"Mwenyekiti!" akaita. "Mwakani mtajenga darasa jingine?"

"Tutajenga."

"Kwa mawe ya timbo?"

"Kwa mawe ya timbo."

"Na zahanati je? Na nyumba ya mwalimu?"

"Pia. Kwa nini?"

Umazi akashika kiuno. Watoto wote wakashika viuno. Hata Shangazi Dama akashika kiuno.

Na sasa wewe unayesikiliza, shika kiuno. Kuna watu wanaojenga. Kuna watu wanaochimba barabara, wanaopasua miamba, wanaotoa amri ya plasta. Wana haraka. Tuwaambie pamoja na Umazi, kwa sauti kubwa, wasije wakasema hawakusikia:

"Kabla hamjafunika, mtuite! Tuje tuone kwanza! Na mje na anayejua mawe, na mumlipe!"