Hakuna Muda Bila Shahidi

Siku kaka zake walipoondoka, Kitinda aliamka alfajiri kama kawaida, akafunga kamba za viatu na kugonga mlango wao. Akaufungua mwenyewe. Vitanda vilikuwa vimetandikwa. Saa ya kupimia mbio ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake.

Mshale, kaka mkubwa, alikuwa mkimbiaji, na mdogo wake, Kipimo, ndiye aliyeshika saa. Walianzisha kundi la wakimbiaji kwenye simu, likafika watu elfu mbili. Sheria ilikuwa moja: hakuna muda bila shahidi. Ukitangaza muda wako, lazima aliyekupimia aandike, "Nimeona." Ndiyo maana watu waliwaamini. Goti la Mshale lilipoharibika, wakaanza kuuza sarafu za mtandaoni katika kundi lilelile. Hapo hakuna aliyeuliza shahidi yuko wapi.

Jua lilipochomoza, jirani yao fundi cherehani alikuwa mlangoni, anahema.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko kazini, shangazi."

"Na hao mabingwa wenu?"

"Hawapo."

"Simu wamezima! Nimeuza cherehani yangu ya pili ninunue hizo sarafu, na leo hata ukurasa wenyewe haufunguki. Na sikuamini maneno yao, Kitinda. Niliamini yako!"

Kitinda alihisi uso unawaka. Aliikumbuka video ile ambayo kaka zake waliituma kwenye kundi: amesimama uwanjani, anacheka, anainua mguu. "Viatu hivi nimenunua kwa faida ya sarafu!" Uongo mtupu. Viatu alinunuliwa na mama yake, anayefagia ofisi za watu. Kipimo alikuwa amemwambia, "Sema tu, ni utani."

"Walinituma!" alifoka.

"Ulitumwa, sawa. Lakini mdomo ni wa nani?"

Kitinda aliwachukia kaka zake, akajichukia na yeye mwenyewe. Kisha akavua viatu, akaviweka mezani.

"Shangazi, nirekodi kwa simu yako. Kisha uitume kwenye kundi."

Fundi aliinua simu.

"Viatu hivi alininunulia mama," Kitinda alisema. "Nilidanganya. Msinunue sarafu hizo. Na nyinyi kaka zangu, maisha yenu yote mmekimbia mbele za watu. Leo mnawakimbia watu? Rudini!"

Fundi akaandika chini yake: "Nimeona."

Matusi yalimiminika. Lakini kufikia adhuhuri, watu kumi na wanne walikuwa wameandika kwamba walikuwa karibu kununua, wakaacha.

Siku ya tatu Mshale alirudi peke yake, akichechemea.

"Umetuvua nguo hadharani!"

"Nguo mlivua wenyewe, kaka. Mimi nimewasha taa tu."

Mshale akafungua mdomo, lakini mama akamwahi.

"Kaa chini. Watu waliwaamini kwa sababu kila kitu kilipimwa mbele ya macho yao. Nyinyi mkachukua imani hiyo mkaitumia kuuza kitu kisichopimika." Akamgeukia Kitinda. "Na wewe, mwanangu, uongo wa kutumwa ukishausema ni wako. Umefanya vyema kuukanusha."

Kipimo hajarudi. Mshale anabeba mbao kwa seremala, na ujira wa kila Jumamosi unakwenda kwa fundi cherehani, kumlipa pesa zake. Alfajiri Kitinda anakimbia, na fundi ndiye anayeshika saa.