Aliyefutwa kwa Wembe wa Rustem

Kwaru. Mara moja tu, jikoni, gizani: wembe juu ya karatasi ngumu.

Rustem aliijua sauti ile. Ndiyo kazi yake, katika chumba cha picha za Chama mjini Tirana, Albania: kiongozi akianguka, wembe wa Rustem humfuta pichani. Kipupwe hiki alikuwa amemfuta mtu mmoja tu, katika picha mia nne. Alikuwa Makamu, ambaye nchi nzima ilijua atamrithi Mzee, mkuu wa Chama, mpaka siku ya mkutano mkuu kiti chake kilipokutwa kimeondolewa. Juma lile lile akafukiwa pasipo kaburi. Aliyelitaja jina lake alipakiwa kwenye lori pamoja na mke na watoto, kupelekwa kambini.

Lakini wembe ulikuwa kazini, kabatini, umefungiwa.

Asubuhi, kwenye picha ya ukutani, bintiye, Lule, hakuwa na midomo. Lule mwenyewe, wa miaka sita, aliamka bubu. Nyumba nzima ilinuka dawa ya kusafishia picha.

"Ni yule," alinong'ona Nene Hava, mama yake Rustem, mjane wa shehe. "Jini wa mtu aliyefutwa. Hataki ubani. Anataka aliyemfuta amwite kwa jina, kwa sauti, mlango ukiwa wazi."

"Mama, taratibu!" alisema Rustem. "Spiro atasikia."

Spiro, mwenyekiti wa jengo, alikaa mlango wa pili.

"Basi mtafute shehe," alisema Mirushe, mke wa Rustem.

"Shehe gani, mwanangu? Wote wako gerezani tangu Chama kipige dini marufuku."

Siku ya tatu, adhuhuri, sauti ilirudi na haikukoma, kwaru kwaru kwaru, ikatambaa kutoka jikoni hadi kitandani kwa mtoto, na pale pichani jicho la kushoto likaanza kuwa jeupe, polepole, kama theluji inayofunika kisima, na Lule akajishika uso akalia bila sauti, na mama yake akamkumbatia asijue amzibe wapi.

Mlango ukafunguliwa. Spiro hakuwahi kubisha hodi.

"Ndugu Rustem! Mbona mnanuka kama studio? Mnanipigia picha ya harusi?" Akacheka. "Na wewe bibi, midomo inakucheza nini? Au ndiyo dua zako za zamani?"

"Nahesabu wajukuu, ndugu mwenyekiti. Ninaye mmoja tu."

Spiro akaegemea mlango ulio wazi, akatulia, masikio yamemsimama.

Jicho la kushoto likaisha. Kwaru. Ukingo wa jicho la kulia ukaparuka.

"Baba Lule," alisema Mirushe. "Limebaki moja."

"Tutapakiwa sote, Mirushe. Hata mtoto."

"Atapanda lori akiona."

Rustem alimtazama mama yake, kisha mkewe, kisha Spiro, ambaye sasa hakuwa akicheka. Akajaza kifua pumzi.

"Safet Dervina," akaita.