Volti Hamsini Zilizopotea

Chumba cha nyuma cha kinyozi kilinuka nywele za wiki nzima na soksi za mtu asiyejipenda. Bwana Harusi alipangusa vumbi la meza, akaanza kuchora kwa chaki. Jina hilo alilipata kwa suti. Hakuna aliyewahi kumwona bila tai, hata siku aliyomvunja mtu taya.

"Geti. Ukumbi wa mafuta. Ofisi. Sefu." Akaizungushia sefu duara. "Leo kiwanda cha sabuni kimefungwa. Jirani wa karakana wanagonga mabati tangu asubuhi. Tukikata chuma, nani atasikia?"

"Na ule uvundo, mkubwa?" Kobe akauliza. Huyu ndiye dereva. Waliomwita Kobe walimfanyia kejeli, maana breki kwake ni pambo.

"Uvundo ndio mlinzi wetu wa pili. Wa kwanza ni shemeji ya huyu."

Wote wakamgeukia Fundi. Mlinzi wa kiwanda alikuwa mume wa dada yake, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemlainisha: afungue geti, afungwe kamba, akutwe analia, mgawo wake uje baadaye.

"Asiguswe," Fundi akasema. "Dada ana mimba."

"Lo! Unamlilia mume wa mtu kuliko mwenye mume," Kobe akacheka.

Fundi hakucheka. Akaeleza hesabu yake. Soketi yenye umeme iko getini tu. Grenda ya kukatia sefu inavuta ampea kumi. Volti mia mbili arobaini mara kumi, wati elfu mbili na mia nne. "Nimenunua waya mnene. Upinzani wake ni nusu omu, utakula volti tano tu njiani. Chuma kitakatika kama sabuni."

"Waya nitautandaza mimi," Bwana Harusi akasema. "Nimeshaupitisha ndani ya mpira wa maji. Sakafu kule imelowa."

Saa sita mchana.

Kiwanda kilichemsha mifupa na mafuta ya wanyama kutengeneza sabuni. Mafuta yaliganda ukutani tabaka juu ya tabaka, nzi wamekwama ndani yake kama zabibu kavu. Kobe alitapika kizingitini.

Shemeji alitoa mikono mwenyewe. "Kaza, shemeji. Wasije wakasema tulikuwa tunacheza."

Fundi akakaza, na miguu pia. Bwana Harusi akaamuru alazwe ukumbini, juu ya magunia yaliyolowa mafuta. Mpira wa maji ulipita chini yake.

Kobe akaachwa getini na mita ya kupimia umeme. Fundi alikuwa amemfundisha kuisoma kwa matusi.

Saa sita na nusu.

Grenda ikalia kinyonge. Kisahani kilikwaruza mlango wa sefu badala ya kuula.

"Kandamiza!" Bwana Harusi akafoka.

"Nikikandamiza itasimama."

Fundi akapima upande wa grenda kwa mita yake mwenyewe. Volti mia moja tisini. Akampigia Kobe simu. "Huko unasoma ngapi?"

"Mia mbili arobaini, kama ulivyoniacha. Harakisheni, natapika tena."

Akabana mita kwenye waya. Ampea kumi.

Volti hamsini zimepotea njiani. Hamsini gawanya kwa kumi, omu tano. Waya wake ulikuwa wa nusu omu. Huu haukuwa waya wake. Na hamsini mara kumi ni wati mia tano, ambazo haziendi kokote ila kuupika waya wenyewe.

Akachana ncha ya mpira kwa koleo. Ndani kulikuwa na waya wa kengele ya mlangoni, mwembamba, gamba lake limelainika kama ute.

"Umebadilisha waya."

"Endelea kukata."

"Unapita chini ya magunia! Chini ya shemeji yangu!"

"Najua unapopita." Bwana Harusi akanyoosha tai. "Mlinzi siku ya kwanza analia. Siku ya pili anataja majina. Moto wa hitilafu ya umeme hautaji mtu. Sikukwambia kwa kukuheshimu tu."

Bwana Harusi angetumia kiberiti, Fundi asingejua kitu. Lakini alitaka moto usio na mkono wa mtu, na waya uleule wa kuunguza ukainyang'anya grenda nguvu.

Akachomoa plagi. Bastola ikatoka kwenye suti.

"Chomeka."

Fundi akamrushia grenda miguuni, akakimbilia ukumbini. Risasi ikatoboa pipa. Uji wa mafuta ukamwagika sakafuni. Nje, makelele ya mabati yakakoma ghafla. Gari likanguruma. Kobe huyoo, kaenda.

Magunia yalikuwa yanafuka. Shati la shemeji limeganda mgongoni. Fundi akakata kamba zote, akambingirisha pembeni.

"Kimbia!"

Alikimbia kweli. Fundi akauvuta mpira na kuyakanyaga magunia mpaka moshi ukafa. Nyuma yake Bwana Harusi aliteleza, akaanguka kifudifudi kwenye uji ule, bastola ikazama.

Ndipo mlango wa chuma wa ukumbi ukafungwa kwa nje. Komeo likalia.

Fundi akaufikia, akapiga ngumi. "Shemeji! Ni mimi!"

"Najua ni wewe." Sauti ilitetemeka. "Nina watoto, shemeji. Sina kazi nyingine." Kisha akapaza sauti kuelekea karakana: "Wezi! Nimewafungia humu! Njooni, jamani, walitaka kuniua!"

Bwana Harusi aliketi kwenye mafuta, suti imegeuka ngozi ya samaki, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ndiye uliyeninyima sefu kwa ajili yake?"

Fundi akatema mate. Yalikuwa na ladha ya mifupa iliyochemka. Akatema tena, na tena. Ladha haikutoka.