Safu ya Zuio

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa chai, Karani alifungua daftari kubwa la mama yake. Karani halikuwa jina lake. Mafundi walimbandika jina hilo kwa sababu, akiwa darasa la saba, ndiye aliyeandika makadirio ya fedha: mwezi fulani zitaingia ngapi, zitatoka ngapi. Mama yake alikuwa mkandarasi. Wakati huo alikuwa akijenga ghala la chama cha wakulima.

Jumamosi hiyo Karani hakugusa chai. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Kiti kina siafu?" kaka yake alimtania.

"Niache!"

Jana, aliposoma tena mkataba, aligundua kosa lake. Kwa kila kazi ya milioni kumi, chama kingelipa tisa. Moja ilizuiwa kama dhamana, mpaka jengo lithibitike kuwa imara. Karani aliandika kumi, akalisahau zuio. Malipo ya kwanza, ya kazi ya milioni kumi, yangeingia Alhamisi, na daftari lilionyesha kwamba baada ya matumizi yote ingebaki milioni moja. Milioni hiyo haikuwapo. Na mama alikuwa ameshatoka kwenda kuitumia: saa nne angeweka arubuni, yaani malipo ya awali, ya mbao za kazi nyingine. Akifanya hivyo, mishahara ya mafundi ya Ijumaa isingetimia.

Kusema kulikuwa kugumu. Wiki iliyopita mama alimsifu mbele ya mafundi wote. "Kwa hesabu, mwanangu hana mpinzani," alisema.

Saa tatu na nusu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Karani alilikumbatia daftari, akatoka mbio.

Alimkuta mama kwa muuza mbao, kalamu mkononi.

"Mama, usitie sahihi!"

"Salamu kwanza, binti," muuza mbao alisema.

"Shikamoo, mzee. Mama, nimekosea." Alieleza yote huku akihema, hata kwamba alijua tangu jana.

Mama alilichukua daftari. Alipitisha kidole kwenye safu ya mapato, polepole. Kisha akafunika kalamu.

"Mzee, utaniwia radhi. Nitazichukua ghala likishakabidhiwa. Siku hiyo nitalipwa nusu ya zuio."

"Mbao hazili wala hazinywi," mzee alijibu. "Zitakungoja."

Njiani mama alitembea upesi. Karani alimfuata akikimbiakimbia. Walipofika kwenye ghala, mama aliketi juu ya tofali, akachora safu mpya.

"Andika. Nusu ya zuio, siku ya makabidhiano. Nusu nyingine, baada ya miezi sita."

"Na ukuta ukipata ufa?"

"Narudi kuuziba, ndipo nilipwe."

Karani aliandika. "Umenikasirikia, mama?"

"Kwa kosa, hapana. Mimi nami nilipaswa kulikagua daftari. Kwa ile siku moja ya kunyamaza, ndiyo. Mafundi wanane wangerudi nyumbani na mishahara pungufu ili wewe ubaki na sifa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kosa likisemwa mapema, hurekebishwa kwa kalamu. Likifichwa, hulipwa na wasio na hatia." Kisha mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini sifa zako nazo nazizuia nusu. Utazipata baada ya miezi sita, nikiona hazina ufa."